Chungu cha Buhehe na Chupa ya Watawa

Kinachokufikia kwanza ni mvuke. Kabla mdomo haujagusa mrija, harufu ya unga wa wimbi uliokaangwa imeshapanda puani: uji ulioshika chini ya sufuria, moshi kidogo, na kwa mbali uchachu wa unga uliolala shimoni. Kisha unavuta. Mrija ni mrefu kuliko mtu, hivyo pombe huchukua muda kufika, na inapofika ni ya vuguvugu. Fundo la kwanza ni kali, linakaza mashavu. La pili linaanza kuonyesha utamu uliojificha nyuma ya uchachu, utamu wa nafaka iliyooteshwa. Kufikia la tatu ulimi umezoea, na hapo ndipo unapogundua uchungu mdogo kama wa ukoko wa mkate, unaobaki kooni hata baada ya kuuachia mrija.

Nilikuwa Buhehe, wilaya ya Busia upande wa Uganda, katika nchi ya Wasamia. Mimi ni mzaliwa wa Funyula, ng'ambo ya Mto Sio, upande wa Kenya. Shangazi yangu, senge kwa lugha yetu, aliolewa Buhehe zaidi ya miaka 40 iliyopita na tangu hapo anapika malwa. Wasamia na Waluhya wengine huiita amalwa, Wateso wa Busia na Tororo huiita ajono, Jopadhola husema kongo. Busaa ya Kenya, ambayo mara nyingi huchanganywa unga wa mahindi, ni ndugu yake wa damu.

Jioni hiyo binamu yangu alikuwa amerudi likizo kutoka Ubelgiji na chupa moja ya bia iitwayo Chimay, ile yenye kibandiko cha buluu na kilevi cha asilimia 9. Alisema imepikwa na watawa. Akaiweka juu ya kigoda karibu na chungu, na wazee waliokuwa wamekizunguka chungu wakaitazama chupa ile kwa heshima, kama mgeni aliyetoka mbali.

Tulimimina kidogo kidogo kwenye bilauri. Rangi yake ilikuwa ya chai nzito isiyo na maziwa, juu ina povu lililokataa kushuka. Ilinukia zabibu kavu, sukari guru, mkate unaotoka kwenye tanuri, na kitu kinachokaribia karafuu. Kinywani ilikuwa nzito na tamu, lakini utamu ule ulikauka haraka na kuacha joto kifuani. Senge alikunywa kidogo, akakaa nayo mdomoni, akameza. Hakusema neno. Alichukua chupa, akaiinua mbele ya taa, akaigeuza polepole mpaka akaona vumbi la kijivu limetulia chini.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa hawakuiua chachu yao."

Alikuwa sahihi. Bia ile hutiwa chachu tena inapofungwa ndani ya chupa, na chachu hiyo huendelea kufanya kazi gizani. Mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga Ulaya alikuwa ameisoma kazi ya watawa kwa kutazama chini ya chupa tu. Nilianza kuuliza maswali usiku uleule.

Watawa wa Ubelgiji wana historia iliyoandikwa, na huo ndio utajiri wao mkubwa. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwaandikia wafuasi wake Kanuni, na sura ya 40 inahusu kipimo cha kinywaji. Kwa kusitasita aliruhusu kila mtawa kipimo kidogo cha divai kwa siku. Kwingine aliandika kwamba watawa wa kweli ni wale wanaoishi kwa kazi ya mikono yao. Huko kaskazini ambako mizabibu haistawi, divai ikawapisha bia ya shayiri. Watrapisti, tawi lililochukua jina lake kutoka monasteri ya La Trappe nchini Ufaransa, waliishika kanuni hiyo kwa ukali zaidi. Mapinduzi ya Ufaransa yalipozifunga monasteri, baadhi yao walikimbilia kaskazini. Westmalle, karibu na Antwerp, walianza kupika mwaka 1836. Abasia ya Scourmont, ambako Chimay hupikwa, ilianza kupika mwaka 1862. Mwaka 1948 Padre Théodore wa Scourmont, akisaidiwa na Profesa Jean De Clerck wa Chuo Kikuu cha Leuven, aliitenga chachu ambayo Chimay inaitumia hadi leo.

Leo bia haiwezi kubeba nembo ya Watrapisti ila imepikwa ndani ya monasteri au jirani yake, chini ya usimamizi wa watawa, na mapato yake yaende kwenye matunzo yao na kwa wahitaji. Na mwishoni mwa mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Kikao kilichoamua hivyo kilifanyika Addis Ababa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Uamuzi wa kuitukuza bia ya Ulaya ulipitishwa katika nchi ambayo, pamoja na nyanda za juu za Uganda, wataalamu wa mimea wanaitaja kuwa ndiko wimbi ilikolimwa kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nilimwomba senge anionyeshe kazi yake tangu mwanzo, nami nikaandika.

Unga wa wimbi hukandwa na maji mpaka uwe mzito, hauko kama ugali wala uji. Huzikwa shimoni kwenye majani ya mgomba, ukafukiwa na kuachwa takriban wiki moja. Shimo linapofunuliwa harufu yake humrudisha nyuma asiyeizoea, na senge huinama na kuivuta kwa makusudi, maana humo ndimo anamojua kama kazi imefaulu. Kisha unga ule hukaangwa juu ya bati pana, moto wa kuni chini, mwanamke akigeuza kwa koleo bila kupumzika. Hili ndilo jambo nililolitazama kwa karibu kuliko yote. Mwanzoni ni matope ya kijivu. Baada ya robo saa yanaanza kukatika madonge. Senge huyaponda madonge kwa mgongo wa koleo, jasho likimtiririka, macho yamebanwa na moshi, na rangi inageuka taratibu kutoka kijivu hadi kahawia, mpaka chembe zinaanza kurukaruka kama mchanga. Akizichelewesha zinaungua na pombe inakuwa chungu. Akiziwahisha, inakuwa na ladha ya unga mbichi. Hana saa. Huchukua chembe chache, hutafuna, husikiliza mlio wake katikati ya meno.

Chembe hizo huanikwa zikakauka, na zikikauka zinaweza kutunzwa kwa wiki nyingi. Siku ya kupika huchanganywa na maji na kimea, yaani wimbi iliyolowekwa, ikaoteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na chachu ndiyo inayogeuza sukari kuwa kilevi. Huko Scourmont hufanywa vivyo hivyo kwa shayiri. Baada ya siku mbili tatu mtungi unatoa povu na kuguguma, na pombe iko tayari. Haichujwi. Humiminwa chunguni pamoja na makapi yake, kisha huongezwa maji ya moto, na kila chungu kinapopungua birika huletwa tena. Ndiyo maana malwa ya saa kumi jioni si ile ya saa tatu usiku. Ya kwanza ni nzito na kali, ya mwisho ni nyepesi karibu na chai, na mnywaji mzuri huzijua zote kwa zamu.

Makapi yale ndiyo yaliyozaa mrija. Ukinywa kwa kikombe utatafuna. Ukishusha mrija wenye kichujio chembamba nchani, kilichosukwa kwa nyuzi za mmea, unafika kwenye maji yaliyo chini na kuyaacha makapi juu. Ufumbuzi huu ni wa kale mno. Katika mihuri ya Mesopotamia yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000 wamechongwa watu wameketi wakizunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Leonard Woolley alipolichimbua kaburi la malkia Puabi huko Ur, katika miaka ya 1920, alikuta mirija ya dhahabu na fedha. Sidai kwamba Buhehe ilijifunza kwa Ur, wala Ur kwa Buhehe. Anayepika nafaka bila kuichuja atauhitaji mrija, popote alipo.

Kwetu, historia ya malwa haitengani na historia ya jembe. Milima ya Samia ina mawe ya chuma, na wahunzi wetu walikuwa wakiyayeyusha na kufua majembe yaliyouzwa mbali na kutolewa mahari muda mrefu kabla ya majembe ya dukani. Jembe lililima wimbi, na wimbi hukaa ghalani miaka kadhaa bila kuliwa na wadudu. Mwenye ghala lililojaa alikuwa na uwezo wa kualika watu. Alipotaka shamba lilimwe au nyumba ijengwe, alipika, majirani wakaja na nguvu zao, na jioni chungu kikawalipa. Mahari yalizungumzwa chunguni, mtoto akapewa jina la babu chunguni, marehemu akaagwa chunguni, na tone la kwanza likamwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia.

Chungu kina kanuni zake kama monasteri ilivyo na zake, ila hazijaandikwa. Usipulize ndani ya mrija. Usichungulie chunguni ukihesabu kilichobaki. Usishike mrija kwa mkono wa kushoto. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawanywi chungu kimoja. Ukitaka kutoka, unamkabidhi jirani yako mrija, huutupi. Mwanaanthropolojia Mmarekani Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa Busia ya Kenya, alizichukulia kanuni hizi kwa uzito unaostahili, na mwaka 1980 alichapisha insha nzima kuhusu unywaji wa pombe yao na maisha yao ya pamoja. Hoja yake iliyonigusa ni kwamba kuketi kukizunguka chungu ndipo Mteso anapoonyesha kwamba yuko pamoja na wenzake na hana hila nao. Mtu anayekunywa peke yake nyumbani hutiliwa shaka. Nilipomsimulia senge, alishangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kuandikwa kitabuni, kisha akaniomba nimsomee tena.

Mpaka ulikuja baadaye sana. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, mpaka Naivasha, ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia kwenye himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mwaka 1926 mpaka ukatangazwa rasmi, ukifuata Mto Sio kwa sehemu yake na Mto Malaba kwa sehemu nyingine. Wasamia wakawa wa nchi mbili, na Wateso vilevile. Mirija iliendelea kuvuka mto kwenda kwenye misiba na harusi. Reli ilipofika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, ikaja na vibarua wenye mishahara, na chungu kilichokuwa cha jirani kikaanza kuwa na bei. Hapo ndipo mwanamke mpika pombe alipopata fedha yake mwenyewe. Senge amesomesha watoto 5 kwa chungu. Hataki mtu alisemee jambo hilo kwa aibu, nami pia sitaki.

Wamisionari waligawanyika. Wengi wa Kiprotestanti walitaka mkristo aache pombe kabisa, na hadi leo kuna nyumba Buhehe ambazo chungu hakivuki kizingiti. Mapadri wa Mill Hill, waliopewa Uganda ya mashariki tangu miaka ya 1890, kwa kawaida walipiga vita ulevi zaidi ya pombe yenyewe.

Watrapisti nao walifika Afrika Mashariki, na sehemu hii ya historia watu wengi hawaijui. Mwaka 1954 abasia ya Scourmont, ile ile ya Chimay, ilianzisha monasteri Mokoto, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1956 abasia ya Koningshoeven ya Tilburg, Uholanzi, yenye mtambo wa bia tangu mwaka 1884 na ambayo leo hupika bia iitwayo La Trappe, ilianzisha monasteri ya Mama Yetu wa Victoria huko Lumbwa, Kenya, mji unaoitwa leo Kipkelion. Nyumba zote mbili zilikuwa binti za monasteri zenye mitambo ya bia. Mwezi Mei 1996 vita vya Masisi viliifikia Mokoto, na wakimbizi Watutsi waliokuwa wamejihifadhi humo wakauawa. Watawa walitawanyika. Watawa wa Kipkelion nao waliondoka baada ya ghasia za uchaguzi mwanzoni mwa mwaka 2008, wakahamia Uganda, upande wa Masaka. Njia ya kutoka Kipkelion kwenda Masaka hupita mpakani petu, ama Busia ama Malaba. Kila nikisimama penye foleni ya malori huwafikiria watu hao, waliokula kiapo cha kukaa mahali pamoja maisha yao yote, wakilazimika kuuvuka mpaka na mizigo yao.

Sheria za serikali zilikipiga chungu kuliko mahubiri yalivyofanya. Wakati wa ukoloni Mwafrika alikatazwa pombe kali ya Wazungu, na pombe yake mwenyewe ikatakiwa leseni. Kenya huru iliruhusu vilabu vya busaa, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 Rais Moi akaagiza vifungwe. Mwaka 1980 ikaja Sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Upande wa Uganda sheria ya Enguli ya miaka ya 1960 ililenga pombe ya kukenekwa, malwa ikaendelea kunywewa peupe. Nakumbuka nikiwa mtoto Funyula, mitungi ikimwagwa na askari uani kwa jirani yetu, unga wa kahawia umetapakaa hadi kwenye maua, na mama yule amekaa chini bila kulia. Wikendi hiyohiyo watu wazima walivuka Sio kwenda kunywa kwa dada zao.

Ninaamini kosa kubwa lilikuwa kuziweka pombe zote kapu moja. Mwezi Novemba 2000 pombe haramu iliyotiwa sumu iliua zaidi ya watu 100 mitaa ya Nairobi. Huko kulihitajika mkono mzito wa serikali. Lakini pombe ya wimbi yenye kilevi kidogo, iliyopikwa na mtu ambaye majirani wote wanamjua, si sumu hiyo. Sisemi haina madhara. Nimewaona wanaume waliokunywa karo ya watoto kwa mrija, na nimewazika wawili. Kenya ilibadilisha msimamo mwaka 2010, Sheria ya Udhibiti wa Vileo ilipozifuta zile za zamani, ila mpika pombe wa kijijini bado hana njia rahisi ya kuyafikia masharti yake.

Kampuni kubwa zimejifunza haraka kuliko serikali. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Jinja ilitoa Eagle, bia ya mtama wa Epuripur uliozalishwa kituo cha utafiti cha Serere, huko Teso. Mwaka 2004 ikaja bia ya Senator upande wa Kenya. Nafaka ya mashamba yetu sasa huuzwa kwetu tena ikiwa ndani ya chupa.

Kisha korona. Kuanzia Machi 2020 Uganda ilifunga baa na vikundi vya malwa, na baa hazikufunguliwa hadi Januari 2022. Chungu kimoja na midomo kumi kilikuwa kinyume cha kila agizo la daktari. Senge alitengeneza kimea cha kuuza kwa uji, akaning'iniza mirija darini. Malwa iliporudi, wengi walianza kuja kila mmoja na mrija wake, umeviringishwa ndani ya mfuko, wakimaliza huuosha na kuondoka nao.

Daftari langu sasa lina kurasa 31. Zimo rangi za unga katika kila hatua, kina cha shimo kwa kipimo cha mkono wa senge, majina ya aina 3 za wimbi ambazo anasema hazilimwi tena upande wetu. Amenisahihisha mara nyingi. Nilipoandika siku za shimoni alinifanya nifute, akasema siku hutegemea mvua, niandike harufu. Nimejaribu kuiandika harufu.

Usiku ule wa kwanza, wageni walipoondoka, senge hakuitupa chupa ya watawa. Aliisafisha mdomo, akaiweka wima penye baridi nyuma ya mlango. Kesho yake alichanganya chembe za kukaanga, kimea na maji kwenye chungu kidogo kisichozidi kichwa cha mtoto, akachukua ile chupa, akaitikisa, akamimina tone la kijivu lililobaki chini. Akafunika kwa jani la mgomba na kukiweka mbali na mtungi wake mkubwa ili chachu zisichanganyike. Siku ya pili alfajiri aliniita nikiwa bado kitandani. Jani lilikuwa limenyanyuka, na chini yake povu jeupe lilikuwa likipumua.